Mtoto Huketi Wapi? Usanifu wa Vitabu vya Picha na Visasili vya China

Uhakiki wa vitabu vya picha vinavyosimulia visasili vya China umezoea kuanza kwa kuhesabu. Mhakiki huhesabu majoka, taa nyekundu, mapaa yaliyopinda ncha na kanzu za hariri, kisha hutoa hukumu iwapo kitabu ni cha Kichina halisi au ni cha kuigiza. Hesabu hiyo ina manufaa yake, lakini haielezi kwa nini mtoto mmoja hukiomba kitabu kilekile kila usiku na kingine, chenye mapambo mengi zaidi, hukiacha baada ya kukitazama mara moja. Makala haya yanadai kwamba swali la kwanza la kuuliza ni la mahali: usanifu wa kitabu unamketisha mtoto wapi? Humweka nje ya kisasili, kama mgeni anayetembezwa katika makumbusho, au ndani yake, mahali ambapo tukio linamgusa?

Usanifu unaozungumziwa hapa si uhodari wa mchoraji pekee. Ni pamoja na ukubwa na umbo la kitabu, rangi ya karatasi, mgawanyo wa ukurasa, mkunjo wa katikati, karatasi za ndani ya jalada, na zaidi ya yote tendo la kufunua ukurasa. Barbara Bader alikwisha kuonesha mwaka 1976 kwamba tamthilia ya kitabu cha picha imo katika ufunuaji huo. Wazo hili si geni kwa mtu aliyelelewa na fasihi simulizi ya Waswahili. Fanani akisema “Paukwa”, hawezi kuendelea mpaka hadhira ijibu “Pakawa”. Katika kitabu cha picha, mkono wa mtoto ndio unaojibu.

Istilahi nayo yahitaji kuwekwa sawa mapema. Katika uainishaji wa Mulokozi (1989), kisasili hutofautiana na ngano nyingine kwa kuwa hushughulikia asili na hatima ya watu, viumbe na ulimwengu, na huaminiwa na jamii yake kuwa ni kweli. Visasili vya kale vya China vina sifa moja ya ziada inayomhusu sana msanifu: vingi vimetufikia vikiwa vipande vifupi mno. Habari za Jingwei, binti aliyezama baharini akageuka ndege anayebeba vijiti na mawe ili aifukie bahari, na za Kuafu aliyelikimbiza jua mpaka akafa kwa kiu, zimo katika Shanhaijing kwa mistari michache tu. Habari za Nüwa kuliziba anga lililopasuka kwa mawe ya rangi tano zimo katika Huainanzi, nazo si ndefu. Mwandishi wa riwaya hulazimika kuvijaza vipande hivyo. Msanifu wa kitabu cha picha halazimiki, kwani ufupi ndio mtaji wake. Si vitabu vyote vitakavyotajwa hapa vinavyosimulia visasili kwa maana kali ya neno. Baadhi vinasimulia ngano na visakale. Vimechaguliwa kwa sababu vinaonesha kwa uwazi jinsi kazi hiyo inavyofanyika, au inavyoharibika.

Kiti cha hakimu

Mfano wa kuharibika ni maarufu. The Five Chinese Brothers cha Claire Huchet Bishop, kilichochorwa na Kurt Wiese na kutolewa New York mwaka 1938, kinasimulia ngano ya ndugu watano wanaofanana, kila mmoja akiwa na uwezo wake wa ajabu. Mmoja aweza kuimeza bahari, mwingine ana shingo ya chuma, wa tatu hurefusha miguu, wa nne haungui, wa tano huweza kuishi bila kuvuta pumzi. Wa kwanza akihukumiwa kifo, anaomba ruhusa ya kwenda kumuaga mama yake, na nduguye anarudi mahali pake. Mchezo unarudiwa mpaka hakimu anashindwa.

Tangu miaka ya 1970 kitabu hiki kimeshutumiwa kwa rangi ya manjano iliyopakwa nyuso za watu na kwa kuwafanya Wachina wote waonekane mtu mmoja. Shutuma ni za haki, ila mara nyingi huishia kwenye rangi. Kosa la ndani zaidi ni la kimahali. Mantiki ya ngano hii inahitaji ufanano wa aina mbili: ndugu wafanane machoni pa hakimu, na wasifanane machoni pa mama yao. Hakuna mama asiyemtambua mwanawe, na kila safari ya kwenda kuaga inatukumbusha hilo. Msomaji mtoto angepaswa kuketishwa jikoni kwa mama, akijua siri na kucheka. Wiese hakumpa hata alama moja ya kumtofautisha ndugu huyu na yule kwa uso, na umati uliokuja kutazama hukumu nao umechorwa kwa sura hiyohiyo. Hivyo mtoto anaketishwa katika kiti cha hakimu, mtu asiyeweza kuwatofautisha. Yafaa kukumbuka kwamba Wiese aliwahi kuishi China. Kuijua nchi hakukumsaidia katika jambo hili, kwa kuwa tatizo halikuwa la ujuzi wa mavazi na majengo.

Haimaanishi kwamba pambo ni kitu kitupu. Katika sanaa ya Kichina mapambo mengi ni maneno yaliyovaa umbo. Popo huchorwa kwenye mabakuli na milango kwa sababu jina lake, fu, hutamkwa sawa na neno la baraka. Samaki, yu, hutamkwa sawa na neno la ziada. Mtoto anayejua Kichina akimwona popo pembeni mwa picha husoma. Asiyekijua humwona mnyama wa usiku, na kama ni mtoto wa Kiswahili huenda akakumbuka yule kiumbe asiyejulikana kama ni ndege au mnyama. Kwa hiyo pambo lilelile humweka mtoto mmoja ndani na kumwacha mwingine mlangoni. Msanifu anayeandalia wasomaji wa lugha nyingi hawezi kulitegemea peke yake.

China yenyewe ilikuwa na mapokeo yake ya kitabu cha picha kabla ya majalada makubwa ya leo, nayo husahauliwa na wanaodhani kwamba utanzu huu uliingia ukiwa mzima kutoka nje. Lianhuanhua ni vijitabu vya ukubwa wa kiganja, picha moja kila ukurasa na maelezo chini yake, vilivyokodishwa katika vibanda vya mitaani ambako watoto walisoma wakiwa wamekaa kwenye vigoda. Kazi ya Zhao Hongben na Qian Xiaodai ya mwaka 1962, juu ya Sun Wukong na shetani wa mifupa myeupe, ni miongoni mwa zile zinazosifiwa zaidi. Kisa hicho, kutoka sura ya 27 ya Safari ya Magharibi, chote ni habari ya kuona: shetani anajigeuza msichana, kisha bibi kizee, kisha mzee wa kiume, Tumbili anamtambua kila mara, mtawa hamtambui hata mara moja, na anayeona ndiye anayeadhibiwa. Umbo la lianhuanhua halibadiliki, fremu ni ileile tangu mwanzo hadi mwisho, na uzito wote huachiwa mstari wa kalamu na maelezo ya chini. Mtoto huambiwa kile ambacho Tumbili anakijua. Kumfanya akione mwenyewe kunahitaji kuuvunja ukurasa.

Gizani pamoja na mabinti watatu

Ed Young, aliyezaliwa Tianjin mwaka 1931, akakulia Shanghai na kuhamia Marekani mwaka 1951, aliuvunja ukurasa huo katika Lon Po Po (1989), kitabu kilichompatia Medali ya Caldecott mwaka 1990. Mama anasafiri, mabinti watatu, Shang, Tao na Paotze, wanabaki, mbwamwitu anabisha hodi akijifanya bibi yao. Picha za rangi ya maji na pasteli zimekatwa katika paneli za wima, kwa namna ya viambaza vya kukunjwa vya nyumba za Kichina. Uchina wa kitabu hiki haumo katika vitu vilivyochorwa tu. Umo katika namna ya kukata ukurasa, na mkato huo unafanya kazi katika hadithi. Mandhari moja hupita nyuma ya paneli mbili au tatu, na jicho la mtoto linalazimika kuziba nafasi zilizoachwa wazi kati yake. Ndivyo hasa wanavyofanya mabinti gizani: wanagusa mkia, wanagusa makucha, na kuunganisha vipande.

Mbwamwitu anaizima taa mara tu anapoingia. Baadaye Shang anaiwasha, anauona uso kwa kitambo kifupi, na giza linarudi. Mtoto mwenye kitabu yumo ndani ya chumba, lakini anajua mapema kuliko Shang, kwa sababu picha imekwisha kumwonesha jicho na manyoya. Ujuzi huo hauna msaada, kwa kuwa hawezi kumwonya mtu yeyote. Anachoweza kufanya ni kufunua ukurasa au kukataa kuufunua, na watoto wengi huukataa kwa muda.

Hapa mwanaisimu ana la kusema. Kiingereza humdai msimulizi kiwakilishi: ama cha kike kinachokubaliana na uongo wa bibi, ama kingine kinachoufichua. Kichina cha kuzungumzwa hakimdai, kwani ta ni moja kwa wote, ingawa maandishi yalianza kutofautisha alama zake mwanzoni mwa karne ya 20. Kiswahili kingeihifadhi siri hiyo vizuri zaidi hata katika maandishi. Aliingia, akazima taa, akalala: kiambishi a- humfaa bibi na humfaa mbwamwitu, na neno halimsaliti yeyote. Picha ndiyo pekee inayojua. Upande mwingine wa mizani una hasara yake. Mbwamwitu wa Afrika Mashariki ni mnyama halisi, mwenye masikio ya mviringo na mabaka mwilini, na si huyu wa Young. Neno humwita mnyama mmoja, picha humleta mwingine, na mtoto huamini picha. (Kwamba Po Po, jina la heshima la bibi, katika sikio la Mswahili ni yule popo wa baraka aliyetajwa hapo juu, ni bahati ya sauti tu, lakini mfasiri mwangalifu asingeipuuza.)

Kinywani mwa chui milia

Kitabu kinachokwenda mbali zaidi katika kumweka mtoto ndani ni Le Prince Tigre cha Chen Jiang Hong, mzaliwa wa Tianjin anayeishi Paris, kilichotolewa na L'école des loisirs mwaka 2005. Chimbuko lake si matini. Ni chombo cha shaba nyeusi cha mwisho wa enzi ya Shang kilichomo katika makumbusho ya Cernuschi, Paris. Chui milia jike amekaa, kinywa wazi, na mtu mdogo amemkumbatia kifuani, kichwa chake kikiwa chini ya meno. Wataalamu hawajakubaliana kama mnyama huyo anamla mtu au anamlinda. Chen amelifanya swali hilo hadithi. Wawindaji wameua watoto wa chui. Chui anavishambulia vijiji. Mfalme anashauriwa amtoe mwanawe mdogo, Wen. Jina hilo linamkumbusha msomaji wa Zuozhuan habari za Ziwen, waziri wa dola ya Chu aliyetupwa akiwa mchanga na kunyonyeshwa na chui.

Kuna hatua moja ambayo kitabu kizima kinaizunguka. Chui anamkuta mtoto amelala msituni, anajiandaa kumrarua, kisha anambeba kwa kinywa kama alivyokuwa akiwabeba watoto wake. Kwa maneno, mabadiliko hayo yanahitaji sentensi ya kueleza moyo wa mnyama. Kwa picha hayahitaji. Kinywa kilichokuwa cha kuua na kinywa kinachobeba ni kilekile, meno ni yaleyale, na wino wa brashi haujabadilika. Kitabu ni kikubwa kiasi cha kumfunika mtoto anayekiweka magotini, na kurasa zilizogawanywa vipande vidogo hupokezana na picha zinazotanda kurasa zote mbili. Mnyama anapotanda hivyo, msomaji mdogo huwa amekalia mahali pa yule mtu wa shaba: mbele ya meno, bila kujua.

Ni kwa sababu hii kwamba baadhi ya maonyo ya watu wazima, kwamba kitabu hiki kinatisha mno, yanakosa shabaha. Chombo cha shaba kilitengenezwa kitishe na kihifadhi kwa wakati mmoja, na kisasili kilichoondolewa tishio hakibaki kisasili. Mwisho wa hadithi unathibitisha kwamba Chen ameielewa shaba yake. Wen akiwa mtu mzima anamleta mwanawe mwenyewe msituni ili ajifunze kwa chui. Anayemkabidhi mtoto kwa mnyama sasa ni mtu aliyewahi kubebwa katika kinywa hicho.

Mwezi unaoliwa

Kitabu cha mwisho ndicho kinachoweza kuleta ubishi mkubwa zaidi, maana kisasili chake ni cha kubuni. Grace Lin, Mmarekani wa wazazi waliotoka Taiwan, alikitunga A Big Mooncake for Little Star (2018) bila kufuata matini yoyote ya kale. Kilipata Tuzo ya Heshima ya Caldecott mwaka 2019. Mama na binti, Nyota Ndogo, wanaoka keki ya mwezi, ile inayoliwa katika sikukuu ya katikati ya majira ya kupukutika kwa majani. Keki inawekwa angani ipoe. Binti anaambiwa asiiguse mpaka aruhusiwe. Usiku anaamka, anaimega kidogo. Usiku unaofuata tena. Mpaka yanabaki makombo yanayometameta.

Hakuna joka wala taa. Ukurasa ni mweusi tangu mwanzo hadi mwisho. Mama na binti wamevaa nguo za kulalia nyeusi zenye nyota za manjano, kiasi kwamba mipaka ya miili yao hupotea katika ukurasa na kubaki nyota, mikono na nyuso. Weusi huo si mandhari, ni kitu kilekile walichoumbwa nacho. Mtoto hahitaji kuambiwa kwamba hawa ndio anga. Hukutana na jambo hilo kila anapojaribu kutafuta bega la Nyota Ndogo linaishia wapi. Kwa mtazamo wa Kress na van Leeuwen (1996), nafasi ya ukurasa hubeba maana kama sarufi. Lin amekwenda hatua moja mbele, akaifanya karatasi yenyewe kuwa mhusika. Kisha kuna kurasa mbili zinazotazamana ambapo keki inaonekana ikipungua hatua kwa hatua, awamu za mwezi zikiwa zimepangwa mfululizo. Maelezo ya kisayansi hayamo, lakini mtoto akitoka nje usiku huo ana sababu ya kuangalia juu.

Kiswahili kinakipokea kitabu hiki kwa ukaribu ambao Kiingereza, lugha kilichoandikwa nayo, hakina. Kiingereza hutenga jina la mwezi wa angani na jina la mwezi wa kalenda. Kichina huandika yue kwa vyote viwili, na Kiswahili husema mwezi kwa vyote viwili. Hadithi ya Lin ni hadithi ya utata huo hasa: mwezi unaliwa, na kwa kuliwa kwake mwezi unakwisha. Katika Kiswahili msuko mzima wa kitabu umo ndani ya neno moja linalojulikana na mtoto wa miaka mitatu. Kasoro ndogo ingebaki katika picha, kwa sababu hilali ya vitabu vilivyochorwa kaskazini husimama wima, ilhali mtoto wa Mombasa au Dar es Salaam huiona mara nyingi imelala kama mtumbwi.

Je, hiki ni kisasili cha China? Chang'e, mke wa mpiga mishale Yi, alimeza dawa ya uzima wa milele iliyowekwa akiba na mumewe, akapaa mpaka mwezini. Kisa hicho nacho ni cha kitu kilichohifadhiwa, katazo na kinywa kisichosubiri. Lin hakukisimulia, ila amerithi mifupa yake, na kwa sababu hiyo kitabu chake ni cha kisasili zaidi kuliko masimulizi mengi yanayomtaja Chang'e kwa jina na kumchorea mikanda ya hariri. Hata hivyo upo upungufu usiofaa kufichwa. Chang'e hakurudi. Kosa lake halina dawa, na watu wanaoutazama mwezi siku ya sikukuu wanatazama pia utengano. Kwa Lin, mama hakasiriki, na keki nyingine itaokwa. Duara la mwezi limetumika kufuta hasara, na mtoto aliyeketishwa ndani ya anga ameketishwa mahali pa starehe mno. Chen asingemfanyia hivyo.

Linabaki suala la joka, ambalo mfasiri wa Kiswahili hawezi kulikwepa kama Lin alivyolikwepa. Long ya Kichina huleta mvua, hukaa mitoni na baharini, huhusishwa na mfalme. Ina miguu minne, pembe za kulungu na magamba ya samaki. Joka la Kiswahili ni nyoka aliyekuzwa, na ukuzi katika lugha hii mara nyingi hubeba dharau au hofu. Kwenye methali joka la mdimu hulinda asichokila, na katika ngano joka humeza watu. Kulikopa neno dragoni hakuokoi hali, kwa kuwa neno hilo limekuja na moto wa Ulaya mdomoni. Pengine ufumbuzi umo katika upatanisho wa kisarufi. Joka lilipanda mawinguni ni dude. Joka alipanda mawinguni ni mtu wa kuheshimiwa, na kiambishi kile kimoja kinaweza kukaa chini ya picha ya kiumbe mwenye ndevu, akiwa na mvua nyuma yake, bila mtoto kuhitaji maelezo ya pembeni.